Dani, Guruji alinirudishia usingizi lakini sasa naogopa kumuuliza swali

Dani misawa,

Nimesoma hii safu yako miaka na sikuwahi fikiria siku moja nitaandika mimi. Mimi ni fundi wa nguo, niko na kibanda Kibuye, miaka 39, nina bwana na watoto watatu, tunakaa Nyalenda. Naomba usinicheke na usiniambie niende niombewe, hiyo mama mkwe ameshaniambia mpaka masikio yamechoka.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Aliugua mwaka mzima na mimi ndio nilikuwa namwangalia, mchana niko kwa cherehani usiku niko kwa kiti cha wodi. Tulipomaliza kumzika kule Nyakach usingizi ukaenda naye. Sisemi nilikuwa nalala kidogo, nasema uliisha kabisa, saa nane usiku niko macho nahesabu mbwa za majirani zikibweka. Kliniki wakanipima wakapata presha iko juu, wakanipa dawa ya kumeza kila asubuhi, presha ikashuka lakini usingizi wapi. Nilikuwa nashona mkono wa kushoto mahali pa kulia, wateja wakaanza kurudisha nguo.

Sasa rafiki yangu wa chama akaniingiza kwa grupu ya WhatsApp ya meditesheni. Anayeongoza ni Mkenya tu kama sisi lakini alikaa India miaka mingi, amekodi nyumba upande wa Riat, tunamwita Guruji. Kila siku saa kumi na robo tatu alfajiri tunakaa, unafunga macho, unavuta pumzi polepole na unarudia mantra, yaani lile neno ulilopewa, kimoyomoyo. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nasinzia na kuwaza deni ya kodi. Wiki ya tatu nikalia, Dani, nililia kama mtoto mpaka bwanangu akaamka akauliza nani amekufa tena. Halafu siku kama mbili hivi baadaye kukanyamaza. Sijui niseme aje. Ni kama ile jenereta ya jirani, umeizoea mpaka umesahau iko, halafu mtu anaizima na ndio unajua kumbe ilikuwa inakupigia kelele muda wote. Nilikaa hapo kwa ile kimya nikaona mama yangu hayuko mbali. Usiku huo nililala mpaka saa moja.

Tangu hiyo siku Guruji ni kila kitu. Picha yake iko juu ya cherehani. Tukienda Riat Jumamosi nainama nagusa miguu yake na machozi yanatoka yenyewe. Usifikirie vingine, hajawahi nigusa vibaya wala kuniongelesha vibaya. Ni vile nilikuwa nazama na yeye akanishika mkono.

Shida ilianza polepole. Kwanza seva, yaani kujitolea. Nikaambiwa sadaka ya fundi ni mikono yake, nishonee wanafunzi nguo nyeupe, nikashona 26 kwa mwezi mmoja na nusu, kitambaa juu yangu, na wateja wangu wa yunifomu wakaenda kwa fundi wa kibanda cha pili. Sikulalamika. Halafu dada mmoja, yule mwanafunzi mkubwa anayepokea simu za Guruji, akaniambia niko tayari kwa diksha ya pili, yaani kuingizwa rasmi na guru, ile ya kufunguliwa kabisa, na itafanyika Guru Purnima, siku ya kuheshimu walimu, mwezi wa saba. Ni 60,000, inatumwa kwa namba yake ya simu. Zamu yangu ya chama inakuja mwezi wa sita na ni 60,000 kamili, sijui alijuaje, ama ni rafiki yangu alimwambia. Na nisiongelee hiyo maneno na watu ambao hawajaamka. Hapo wanamaanisha baba watoto.

Kitu ingine ni dawa. Guruji mwenyewe alisema kwa mkutano kwamba dawa za kiwanda zinafunga mwili usipokee enaji. Hakuniambia mimi acha, lakini nilisikia ni kama ananiangalia. Nimeacha wiki tatu sasa. Najiskia poa, ni kichwa tu kinauma hapa kwa kisogo asubuhi.

Na ile kimya, Dani, imepotea. Tangu mwezi wa pili sijaipata. Nakaa, napumua, naita mantra, hakuna. Nikamuuliza yule dada kwa nini, na pia nikamuuliza kama kweli ni lazima 60,000, akaniandikia, "Hilo swali si lako, ni ego yako inakufa na inapiga mateke. Guruji anaona umeshikilia kitu." Ego kwao ni ile nafsi ya kujipenda. Nikaogopa. Kwa sababu ni kweli, nimeshikilia, siwezi danganya.

Swali langu ndio hili. Mtu akiwa kwa njia ya kuamka si anafika mahali lazima aache kushikilia? Mimi nitajuaje kama hii shaka ni akili yangu inaniokoa ama ni ego inanizuia mlangoni?

Kuna kitu nusura nisiandike. Kile kitambaa cha zile nguo 26 nilinunua na pesa ya chama, 18,000. Mimi ndio mweka hazina. Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi na hakuna mtu anajua.

Fundi wa Kibuye

DANI ANAJIBU

Nyathina, yaani mwanangu, kabla sijaongea chochote kuhusu ego na kuamka, funga kibanda uende upimwe presha. Leo, sio Jumatatu. Enda pale hospitali ya Russia ama kituo chochote kilicho karibu na wewe, uwaambie ukweli kwamba uliacha dawa wiki tatu na kisogo kinauma kila asubuhi, na usimeze mbili mbili nyumbani eti unafidia, wao ndio watakuambia uanze tena aje. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Unaweza kuwa umetulia ndani kama ziwa asubuhi na mshipa wa kichwa unakaribia kupasuka. Hiyo amani uliyoipata ni ya kweli na hiyo presha pia ni ya kweli, na moja haimezi dawa kwa niaba ya nyingine.

Umeenda? Sawa, sasa tuongee.

Mimi nakuamini. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua utakuwa umejikunja ukingoja nikuambie ulidanganywa ama uliota. Mtu aliyeuguza mama mwaka mzima bila kulia, akakaa alfajiri akipumua polepole siku baada ya siku, mwili ukishuka ule mlima machozi yatatoka, na nyuma ya machozi kuna kimya. Watu wamekuwa wakikutana na hicho kimya miaka elfu na elfu, India, Uarabuni, kwa watawa wa jangwani kule Misri. Nyanya yangu mzaa baba alikuwa Legio Maria, lile kanisa la hapa Kenya lililojitenga na Wakatoliki, akiamka usiku na rozari yake na kanzu yake nyeupe angeshuka kwa hayo maombi asubuhi na uso ambao sijawahi kuusahau, na hakuwahi kusikia neno meditesheni maisha yake yote. So sina haja ya kukuambia hakuna kitu hapo. Kiko.

Ninachouliza ni nani aliyekaa. Guruji alikuonyesha vile mtu hukaa na kupumua, na kwa hilo unadaiwa asante, tena kubwa. Lakini aliyeamka saa kumi usiku Nyalenda na baridi ya ziwa, aliyevumilia kusinzia wiki mbili, aliyelia, ni wewe. Yeye alikuwa Riat.

Sasa hiyo jibu ya yule dada. Nimeisoma mara nne. Ati swali si lako ni ego inapiga mateke. Hebu iangalie vile umeangalia mshono wa mtu mwingine, uigeuze ndani nje. Ukikubali kulipa, umeamka. Ukiuliza kwa nini ulipe, hiyo ni dalili hujaamka, kwa hivyo lipa ndio uamke. Hakuna mahali pa kutokea. Hiyo nguo haina shingo! Kweli kuna mafundisho kuhusu kuacha ego, tena ya zamani na ya maana, lakini yalikuwa ya mtu kujiangalia mwenyewe anapokasirika, anapotaka kusifiwa. Hayakutengenezwa yawe fimbo ya kumnyamazisha anayeuliza bei.

Na si mimi nasema. Kulikuwa na mtu Bengali anaitwa Ramakrishna, alikufa 1886, alikuwa mhudumu wa hekalu pale Dakshineswar karibu na Calcutta, na watu wengi India wanamheshimu sana. Ilijulikana kwamba hawezi kugusa pesa, inamchoma. Akaja kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, mbishi, anaitwa Narendra, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kama Vivekananda. Kijana akasema mimi siamini hii maneno ya pesa. Akangoja mzee ametoka chumbani, akaficha rupia moja chini ya godoro. Mzee akarudi, akakaa, akaruka kama ameumwa na nge. Wakaanza kupekua kitanda, rupia ikaanguka, na kijana amesimama tu hapo kwa kona hasemi kitu. Unafikiri mzee alimwambia ni ego? Alifurahi. Alikuwa anawaambia wanafunzi wake wampime vile mbadilisha pesa anapima sarafu. Wewe uko Kibuye, unajua. Mteja akikupa noti ya elfu unaipapasa, unaiinua kwa mwanga, na mteja mwenye noti nzuri hakasiriki, anangoja chenji yake.

Basi na wewe una rupia ya kuweka chini ya godoro, na umeishaniandikia wewe mwenyewe bila kujua. Ni kitambaa. Nguo 26, kitambaa cha 18,000. Usidai ufundi, hiyo ulitoa kwa moyo iache iwe seva yako. Mwandikie Guruji mwenyewe, usipitie kwa dada, maneno mafupi: "Guruji, kitambaa nilinunua na pesa ambayo si yangu, 18,000, naomba nirudishiwe kabla ya mwisho wa mwezi." Halafu nyamaza uangalie. Mwalimu mzuri ataona haya kwamba alivaa deni ya mtu bila kujua na atatafuta hiyo pesa, hata kama ni kwa kuchangisha wale 26 wenye nguo. Labda atafanya hivyo, sijamjua huyo mtu, na kuna walimu wengi wenye heshima ambao shida yao ni wasaidizi wenye njaa wanaokaa mlangoni. Ukijibiwa kwa hadithi ya ego, ama ukatolewa kwa grupu usiku, ama ukaambiwa toa kwanza 60,000 ndio baraka zirudishe hiyo nyingine, basi utakuwa umejua kitu ambacho diksha ya pili haingekufundisha.

Kuhusu hiyo 60,000. Kumpa mwalimu kitu ni desturi ya kweli, inaitwa dakshina, na Guru Purnima ni siku ya kweli ya kuwaheshimu walimu, mwezi ukiwa mpevu. Lakini kwa zile Upanishadi, maandiko ya zamani ya Wahindu, mwanafunzi anaenda kwa mwalimu na kuni mkononi. Kuni! Na dakshina ya asili ilikuwa ya mwisho, umeshasoma umemaliza, unatoa ulicho nacho. Mlango wenye bei inayolingana sawasawa na zamu yako ya chama, inayotumwa kwa namba ya simu ya dada, mimi huo siuelewi ni mlango wa nini. Usitume. Hata mia.

Umeniuliza kama si lazima mtu aache kushikilia. Ndio, walimu wengi wamesema hivyo. Lakini kushikilia nini? Kabir, umewahi kumsikia? Mshairi wa Varanasi, karne ya 15, Wahindu wanasema ni wao na Waislamu wanasema ni wao na hata Makalasinga (Masikh) wameweka mashairi yake kwa kitabu chao. Huyo alikuwa mfumaji wa nguo. Watu wote wanaomkumbuka wanamkumbuka na kitanda chake cha kufuma, aliimba habari ya Mungu akiwa anapitisha uzi, na uzi ndio ulikuwa unamlisha. Alimsifu guru kuliko wengi unaowajua, na hakuna mahali nimesikia guru alimfungisha kazi. Wewe umepoteza wateja wa yunifomu.

Na hao Makalasinga nimewataja kwa sababu. Hekalu lao liko hapo mjini, Wahindi wengi walifika huku na reli, ile iliyofika Kisumu 1901, na ukienda pale kuna chakula cha bure kwa yeyote, mnakaa chini wote, tajiri na maskini. Dini yao nzima imejengwa juu ya neno guru, walikuwa nao kumi kuanzia Nanak. Mwaka 1708 yule wa kumi, Gobind Singh, akiwa karibu kufa akasema guru wa mtu mwenye mwili ameisha, kuanzia sasa guru ni kitabu. Nimewaza sana hiyo maneno. Watu waliopenda magurua wao mpaka kufa kwa ajili yao, na bado wakaona afadhali hiki kiti asikalie tena binadamu.

Usidhani nasema Wahindi ndio wenye shida. Ndugu yangu alipanda mbegu, yaani alitoa sadaka, kwa mchungaji mmoja mpaka akauza ng'ombe watatu, na mchungaji alikuwa na lugha hiyo hiyo, mashaka yako ni shetani, usimwambie mke wako, dawa ni kukosa imani. Na sote tulikuwa hapa 2023 wakati makaburi ya wafuasi wa mhubiri kule Shakahola, Kilifi, yalifukuliwa na miili ikapita mia nne. Hao hawakuanza kwa kufunga kula mpaka kufa. Walianza na mtu aliyewasaidia, halafu wakaambiwa wasiulize, halafu wakaambiwa wasiwaambie wa nyumbani. Sisemi Riat ni Shakahola. Nasema nikisikia hizo mbili, usiulize na usiwaambie wa nyumbani, huwa naamka kitandani.

Kwa hivyo mwambie baba watoto. Huyu ni mtu aliyeamshwa usiku na kilio chako akauliza nani amekufa, na akakuacha uendelee kukaa alfajiri yote hiyo na picha ya mwanaume mwingine juu ya cherehani. Wanaume wangapi Nyalenda? Huyo anaweza kubeba hii.

Ile kimya iliyopotea, nayo isikutishe. Kila aliyewahi kuipata aliipoteza. Wakatoliki wana mtawa wa Hispania, Yohane wa Msalaba, aliandika karne ya 16 kuhusu huo usiku ambapo Mungu hasikiki kabisa, na hakusema dawa yake ni pesa. Teresa wa Avila wa wakati huo huo alikuwa anawaambia masista Mungu anatembea hata katikati ya sufuria za jikoni. Labda imehama mahali. Labda pia, nyathina, ni ngumu kimya kukaa kwa kichwa kinachojua mkutano ni Jumapili ya mwisho.

Maana umeandika kurasa kuhusu Guruji na mistari minne kuhusu hiyo 18,000, na mimi naona hiyo ndio unayoshikilia. Sio ego. Ni pesa ya wanawake kumi na kitu wanaouza omena na nyanya. Usingoje Guruji ajibu. Enda kwa mwenyekiti wako wiki hii, peke yenu, kabla ya mkutano, umwambie nilichukua 18,000 siku fulani, nilinunua kitambaa, nitarudisha hivi na hivi. Kama ni kukatwa kwa zamu yako ya mwezi wa sita, mwambie wewe mwenyewe kabla hajakuuliza. Na vitabu vya hazina umpe mtu mwingine kwa sasa. Utaaibika, ndio, na kwa chama mdomo hauna kifuniko, lakini mtu aliyejisema na mtu aliyekamatwa hawakai benchi moja. Usichukue Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kuficha shimo, utachimba lingine.

Alfajiri endelea kukaa kama unapenda. Hiyo hujakopeshwa, hakuna wa kukunyang'anya. Toa picha wiki moja uone kama pumzi zinakataa kuingia, kisha uamue mwenyewe kama utairudisha. Ukimaliza kukaa kunywa uji, meza dawa vile kliniki wamesema, fungua kibanda.

Na ukishatuma ile meseji ya kitambaa niandikie alijibu nini. Nataka kujua.

Dani